Nilimkopea mdogo wangu pikipiki, sasa anayekatwa ni mimi

Mama, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza, Tanga, na nina watoto watatu. Nakuandikia kwa sababu kila tarehe ya mshahara ikikaribia nakosa usingizi, na sina wa kumweleza.

Mwaka jana mdogo wangu wa kiume, tumbo moja baba mmoja, alikuwa anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku. Siku yenye abiria wachache jasho lake lote lilikuwa linakwenda kwa mwenye chombo. Akaniomba nimsaidie apate ya kwake. Sikuwa na fedha taslimu, lakini ni mwanachama wa SACCOS ya walimu, chama chetu cha akiba na mikopo, nikachukua mkopo wa 3,600,000 kwa miezi 24. Walimu wenzangu wawili wakanidhamini. Nakatwa 180,000 kwa mwezi, maana yake mpaka mwisho nitakuwa nimerudisha 4,320,000. Tulikubaliana kwa mdomo, sebuleni kwa mama, kwamba kila tarehe 20 atanitumia 180,000 kwenye simu mpaka mkopo uishe.

Miezi mitano alituma bila kukumbushwa. Mwezi wa sita akatuma 100,000, wa saba 50,000, kisha kimya. Nikipiga hapokei. Nikimwandikia ananijibu, "Dada nitakutafuta." Huku naona picha anazoweka WhatsApp: sikukuu ya Idd yuko ufukweni Raskazone na mkewe, wamevaa sare, simu mpya mkononi. Mimi nimeshakatwa miezi 14.

Mume wangu anajua nilikopa, hajui kama mdogo wangu ameacha kulipa. Kila mwezi namtafutia sababu, leo mchango wa msiba, kesho zamu yangu ya kutoa kwenye mchezo. Mtoto wetu mkubwa amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, na ile karatasi ya mahitaji iko mezani: godoro, sare, shuka, ndoo, nauli. Mume wangu ananiuliza kwa nini mshahara wangu haufiki popote, nami naangalia pembeni.

Nilimgusia mama. Akaniambia, "Mmenyonya ziwa moja, unamdai mwenzio kama mwenye duka? Wewe una mshahara, yeye ana nini?"

Wiki iliyopita mdogo wangu kanitumia ujumbe wa sauti, analia. Kumbe alichukua 400,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, hizi wanazoziita kausha damu, akaweka pikipiki rehani. Sasa anadaiwa 600,000 na pikipiki imezuiwa. Anataka niende SACCOS nikaongeze mkopo juu ya ule wa zamani nimkomboe, eti akiipata ataanza kunilipa upya. Mama naye amenipigia kumwombea.

Hatukuandikishana. Nina meseji za kutuma na kupokea pesa tu. Mwenzangu mmoja wa ofisini ananiambia niende polisi. Mimi naogopa dhambi ya kumbana ndugu mwenye shida, naogopa kumpoteza mdogo wangu, na naogopa mume wangu akijua. Nifanye nini?

Mwalimu, Muheza

* * *

Marahaba, mwanangu.

Usiongeze mkopo. Naanza na hilo kwa sababu najua simu ya mama inaweza kulia tena jioni ya leo, na nataka uwe umeshaamua kabla hujaipokea.

Nimekaa miaka mingi kwenye kamati ya mikopo ya SACCOS na nimeona walimu, manesi na watendaji wakija kuongeza mkopo kwa ajili ya mtu asiyeonekana mezani. Ukiongeza, mkopo mpya unalipa kwanza salio la ule wa zamani, kisha muda unaanza kuhesabiwa upya. Sasa hivi umebakiza miezi 10 tu. Ukisaini, hiyo 10 inarudi kuwa 24 au zaidi, na wale wenzako wawili wanaombwa tena kuweka majina yao. Kuna kanuni kwamba mtumishi wa umma abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake, lakini kanuni hiyo inazuia tu usikatwe mpaka ukauke. Haikununulii mtoto godoro.

Sasa tutenganishe madeni, kwa sababu barua yako imeyachanganya na ndiyo maana yanakulemea. Deni la SACCOS ni lako. SACCOS haimjui mdogo wako. Inakujua wewe na wadhamini wako, na ukiyumba watakaofuatwa ni walimu wale wawili ambao hawajawahi hata kupanda hiyo pikipiki. Liache lijikate mpaka liishe. Nenda ofisini kwao uombe taarifa ya salio kwa maandishi, uijue tarehe ya mwisho na uishike. Deni la mdogo wako kwako ni jambo jingine. Kwa maelezo yako ametoa 1,050,000. Mpaka mkopo uishe utakuwa umekatwa 4,320,000, kwa hiyo unamdai 3,270,000. Kati ya hizo, 1,470,000 zimeshatoka mfukoni mwako. Ziandike tarakimu hizi kwenye daftari leo. Mtu anayedai bila tarakimu huishia kudai kwa hasira, na hasira ndiyo mdogo wako anayoikimbia asipopokea simu.

Kabla hujakutana naye, mwambie mume wako. Usingoje mpaka mambo yatulie. Mambo yakitulia ndiyo hutamwambia kabisa, na siku atakapolisikia kwa wifi yako kwenye shughuli, hatakasirikia fedha, atakasirikia ile misiba ya kubuni uliyokuwa unampa kila mwezi. Mkae, umwonyeshe daftari na taarifa ya salio, umwambie: "Nilimkopea mdogo wangu, ameacha kulipa tangu mwezi wa nane wa mkopo, nimekuwa nikikuficha kwa sababu niliona aibu. Sitaongeza mkopo mwingine. Nataka tupange mahitaji ya mtoto kwa mshahara unaobaki." Atanuna. Pengine atasema maneno kuhusu ukoo wenu. Vumilia hayo, maana miezi 10 iliyobaki huwezi kuibeba huku unatunga uongo kila tarehe ya mshahara.

Twende kwenye pikipiki. Kuna swali hukuligusa, na kwangu ndilo kubwa: kadi ya usajili ina jina la nani? Kama ulisajili kwa jina lako TRA, Mamlaka ya Mapato, basi mdogo wako ameweka rehani mali isiyo yake, na huyo mkopeshaji amepokea chombo bila idhini ya mwenyewe. Unakwenda pale na kadi yako, ukiwa na mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, na mazungumzo yanabadilika. Kama kadi ina jina la mdogo wako, chombo ni chake kisheria, na wewe ni mtu anayemdai. Bado una haki, ila njia ni ndefu kidogo.

Hata hivyo, msiupokee kimyakimya huo mzigo wa 600,000. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa aina hiyo. Piga hesabu kama unayemfundisha darasa la sita: asilimia 3.5 ya 400,000 ni 14,000. Ili riba hiyo ifike 200,000, mdogo wako angekaa zaidi ya miezi 14 bila kulipa hata senti, na wakati huo wote hiyo pikipiki ilikuwa barabarani. Kwa hiyo aende, na wewe ukiweza mwende pamoja, mkaombe mkataba wa mkopo, mchanganuo wa deni na leseni. Asiye na leseni mara nyingi hulegea akiona mtu anauliza kwa utulivu na kuandika majibu. Akigoma, malalamiko yanapelekwa Benki Kuu.

Mwanangu, sikwambii uiache pikipiki iozee huko. Ndiyo inayomlisha mkewe, na ndiyo pekee inayoweza kukulipa wewe. Ninachokataa ni itolewe kwa mkopo wako mpya. Ana simu mpya, aiuze. Ana kijiwe, na vijiwe vingi vina umoja wao wanaochangiana mwenzao akipata ajali au akikwama, aende akawaombe. Deni likishuka baada ya mazungumzo na yeye akaja na sehemu kubwa, na wewe ukawa na kidogo ambacho hakigusi mahitaji ya bweni, mpe kama msaada. Kilipwe moja kwa moja kwa mkopeshaji na upewe risiti mkononi mwako.

Sasa kikao chenyewe na mdogo wako. Mfuate alipo, uso kwa uso, mchana, na bila mama kuwepo. Usianze na Raskazone. Najua zile picha zinauma, lakini ukizitaja tu, mtagombana juu ya nguo za sikukuu na deni litasahaulika. Anza hivi: "Mdogo wangu, sikuja kukugombeza. Nimekuja tupige hesabu." Kisha muulize jambo ambalo nina wasiwasi hujawahi kumuuliza: nani ananunua umeme wa mama? Nani anampeleka kliniki, nani anaweka unga ndani wiki ambayo wewe hujatuma? Mtoto anayeishi karibu na mzazi hutoa fedha nyingi zisizoandikwa popote, buku mbili leo, elfu tano kesho, na hakuna anayemshukuru. Inawezekana sehemu ya 180,000 yako iliishia jikoni kwa mama. Kama ni hivyo, mhesabie haki yake. Kama sivyo, atajua mwenyewe kwamba umemuuliza kwa wema akakosa la kusema.

Halafu badilisheni mpango, maana ule wa kwanza ulikuwa mbaya na si kosa lake peke yake. Wewe unapokea mshahara kwa mwezi, ukampangia alipe kwa mwezi. Bodaboda hana mwezi, ana siku. Fedha inaingia asubuhi na inatoka kabla ya magharibi, na kumwambia aweke 180,000 mpaka tarehe 20 ni kumtaka apite siku ishirini na donge mfukoni bila kuligusa, wakati tairi limekwisha na mtoto ana homa. Alipokuwa anaendesha chombo cha mtu, hesabu ya 10,000 ilikuwa inatoka kila jioni, tena bila kukosa, kwa sababu ilikuwa ya kila jioni. Basi akupe hesabu. Siyo 10,000, maana sasa oili na matengenezo yote ni yake. Tuseme 7,000 kwa siku sita. Aziweke kando kila jioni, akutumie mara moja kwa wiki ili makato ya kutuma yasimle. Hiyo ni 42,000 kwa wiki. Kwa 3,270,000 atamaliza kama mwaka na nusu. Ile 3,000 inayobaki kila siku ni ya matengenezo, na chombo ni chake.

Unaweza pia kumpunguzia. Ukiamua kubeba wewe riba ya SACCOS, anabakiwa na 2,550,000, ambayo kwa 42,000 inaisha ndani ya wiki 61. Hilo ni la moyo wako na la mume wako, mimi sikulazimishi. Ila ukisamehe, samehe kwa tarakimu, umtamkie: "Hii 720,000 nimekuachia, hii 2,550,000 nakudai." Msamaha usiotamkwa hubaki rohoni mwa aliyesamehe kama deni, na aliyesamehewa hajui hata kama amepewa kitu.

Mwandikishane. Najua utaambiwa ndugu hawaandikishani. Umesema unaogopa dhambi, basi nikukumbushe unachokijua: aya ndefu kuliko zote ndani ya Kurani, Al-Baqara 282, inahusu deni, na inaagiza liandikwe na liwe na mashahidi. Haikusema liandikwe la mgeni na liachwe la ndugu. Aya mbili kabla yake, ya 280, inaagiza mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi. Shika zote mbili. Kumpa muda mwenye dhiki ni ibada. Kumdai kwa upole mwenye chombo kinachoingiza fedha kila siku si dhambi. Karatasi yenyewe nusu ukurasa inatosha: nani amepokea, kiasi kilichobaki, atalipa kiasi gani na siku gani, na kwamba pikipiki haitawekwa rehani wala kuuzwa kabla deni halijaisha bila wewe kukubali. Mjomba au baba mdogo asaini kama shahidi, na ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji igonge muhuri. Zile meseji zako usizifute. Omba pia taarifa ya miamala kwa mtandao wako wa simu. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani hapa kwetu.

Polisi usiende. Kushindwa kulipa deni ni dai la madai, si kosa la jinai, na askari si wakusanya madeni. Ukimweka mdogo wako mahabusu siku mbili, hutapata hesabu ya siku hizo, na mama hatalisahau maisha yake yote. Pa kupeleka dai kama hili ni Mahakama ya Mwanzo. Mimi nisingeikimbilia mwaka huu. Sheria ya ukomo inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, kwa hiyo muda unao, na karatasi mtakayosaini sasa itakusaidia siku ikibidi. Akikataa kabisa kuandikishana, au akaandika kisha akapita miezi mitatu bila kutuma, hapo usione aibu. Na kama kadi ni ya jina lako, kabla ya mahakama kuna njia nyingine: chukua chombo, mpe kijana mwingine mwaminifu kwa hesabu, fedha ije kwako mpaka deni liishe, kisha umrudishie mdogo wako pikipiki yake.

Mama yako amesema neno zito, na ninamwelewa. Mzazi huegemea upande wa mtoto anayemwona dhaifu, hakupendi kidogo. Lakini yeye anaona mshahara wako, haoni makato. Nenda ukamwamkie, ukae naye chini, umwonyeshe ile karatasi ya bweni na taarifa ya mshahara, umwambie: "Mama, sijaja kumshitaki mwanao. Nataka ujue ninachobakiwa nacho." Usimwombe akudaie. Akiwa mkusanya madeni kati ya watoto wake, atachoka yeye kabla yenu.

Na wengine watakuja, maana mwalimu mwenye mshahara hakosi waombaji. Tenga wewe na mume wako fungu dogo la kusaidia kila mwezi, hata 20,000. Likiisha limeisha, na unaweza kusema bila kujieleza sana: "Ya kukopesha sina, ila nina hii kidogo, chukua, si mkopo." Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na wewe umeyaonja yote mawili mwaka mmoja.

Ongea na mume wako usiku wa leo. Kesho tafuta ile kadi uone jina. Wiki hii hii mfuate mdogo wako na mwende kwa mkopeshaji, kwa sababu kila siku pikipiki inapolala pale hesabu haiingii na riba inazidi.